Kompyuta inayosoma usingizi: tuiamini kwa kiasi gani?



Siku moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri chini ya mwembe nje ya kanisa. Mume wake ni dereva wa lori. Kijana wao anayefanya kazi mjini alimletea baba yake saa ya mkononi, moja ya zile zinazomwonyesha mtu kila asubuhi muda aliolala, na katika muda huo usingizi mwepesi ulikuwa kiasi gani, usingizi mzito kiasi gani na ndoto kiasi gani. Baba ameipenda sana saa hiyo. Kila asubuhi humwonyesha mkewe na kusema, "Unaona? Usingizi mzuri."

Mama akaniambia hivi: "Mama nesi, mimi ndiye ninayelala naye. Anakoroma mpaka watoto wanamsikia chumba cha pili. Halafu ghafla kimya. Nahesabu mpaka kumi na tano, mpaka ishirini, hapumui. Kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka majini, anaanza upya. Mchana anasinzia hata chakula kikiwa mbele yake. Sasa niamini saa, au niamini masikio yangu?"

Swali hili si dogo, kwa kuwa baba huyo huendesha lori lenye mzigo mzito, mara nyingi usiku, katika barabara ambayo wengine wetu tunapita na watoto wetu. Nimeona nilijibu hapa ili na familia nyingine zifaidike. Tutatazama kwanza usingizi wenyewe, kisha jinsi watu walivyojifunza kuusoma, na mwisho jinsi kompyuta ilivyofundishwa kazi hiyo na mahali inapokosea.

USINGIZI UNA HATUA ZAKE

Wengi hudhani kulala ni kama kuzima taa: ukilala umezimika, ukiamka umewaka. Sivyo. Usiku kucha ubongo unafanya kazi, na usingizi hupita katika hatua nne:

1. Usingizi wa kuanzia. Ni dakika chache za kati ya kuwa macho na kulala. Mtu akiamshwa hapo husema, "Wala sijalala."

2. Usingizi mwepesi. Huu huchukua karibu nusu ya usiku wa mtu mzima. Mapigo ya moyo hupungua kasi na mwili hupoa kidogo.

3. Usingizi mzito. Mtoto akibebwa kutoka mkekani hadi kitandani bila kujua, yumo katika hatua hii. Ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji. Usingizi huu ni mwingi mwanzoni mwa usiku, na hupungua kadiri mtu anavyozeeka.

4. Usingizi wa ndoto. Macho huchezacheza haraka chini ya kope, na misuli ya mikono, miguu na shingo hulegea kabisa. Huchukua kama robo ya usiku, na huwa mrefu zaidi kuelekea alfajiri.

Mzunguko mmoja wa hatua hizi huchukua kama dakika 90, na kwa usiku mmoja mzunguko hurudiwa mara nne au tano, hata sita.

WALIOTANGULIA KUSOMA USINGIZI

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani aitwaye Hans Berger, wa mji wa Jena, alifaulu kwa mara ya kwanza kuunasa umeme wa ubongo wa binadamu kupitia kichwani na kuuchora kama mawimbi. Alitangaza kazi yake mwaka 1929. Mwaka 1937 Mmarekani Alfred Loomis na wenzake walionyesha kwamba mawimbi hayo hubadilika kwa utaratibu mtu anapolala. Ndipo ilipojulikana kuwa usingizi una hatua.

Usingizi wa ndoto ulichelewa kugunduliwa. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mwanafunzi Eugene Aserinsky alimpima usiku mwanawe mwenyewe, mtoto wa miaka minane, akaona macho yake yakichezacheza huku amelala. Mwaka 1953 yeye na mwalimu wake Nathaniel Kleitman waliitangaza habari hiyo. Mwaka 1968 Allan Rechtschaffen na Anthony Kales walisimamia kitabu cha kanuni ili wataalamu wa kila mahali wasome usingizi kwa namna moja. Kanuni hizo zilirekebishwa nchini Marekani mwaka 2007, na ndizo zilizozaa hatua nne nilizozitaja hapo juu.

Kipimo chenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa hulala hospitalini akiwa amebandikwa vipande vidogo vya madini vyenye nyaya: kichwani kwa ajili ya ubongo, kando ya macho, na kidevuni kwa ajili ya misuli. Huongezwa vyombo vya kupima pumzi puani, mikanda ya kifuani na tumboni, kipimo cha moyo, na kile cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu. Hakuna sindano wala maumivu.

Asubuhi usiku wote hukatwa katika vipande vya sekunde 30. Saa nane za kulala ni vipande 960. Zamani, mashine zilipochora kwenye karatasi, kipande kimoja kilijaza ukurasa wenye upana wa sentimeta 30, hivyo usiku mmoja ulitoa karatasi ya karibu meta 300! Mtaalamu alipitia ukurasa mmoja mmoja na kuuandikia: huyu yu macho, hapa usingizi mwepesi, hapa mzito, hapa ndoto. Hata leo, kwa kioo cha kompyuta badala ya karatasi, kazi hiyo yaweza kumchukua mtu saa moja na nusu au mbili kwa mgonjwa mmoja.

KOMPYUTA INAJIFUNZAJE?

Kompyuta haioni mawimbi kama sisi. Huona namba. Mashine hupima umeme wa kila waya mara 200 au zaidi kwa sekunde, hivyo kila kipande cha sekunde 30 huwa na namba zisizopungua 6,000 kwa waya mmoja. Kompyuta hutafuta mpangilio ndani ya namba hizo: mawimbi ni ya haraka au ya polepole, makubwa au madogo, macho yanacheza au yametulia, kidevu kimekaza au kimelegea.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 watu wamejaribu kuipa kompyuta kazi hii. Njia ya kwanza ilikuwa kuipa kanuni. Kwa mfano, mawimbi makubwa ya polepole yakichukua angalau asilimia 20 ya kipande, andika usingizi mzito. Njia hii ilisaidia, lakini watu hawafanani. Mawimbi ya mzee ni madogo kuliko ya kijana, na mgonjwa anayetokwa jasho au kujigeuzageuza huivuruga michoro.

Njia ya pili, ambayo ndiyo imeleta maendeleo makubwa, ni ya kufundisha kwa mifano. Wazazi mnaijua. Binti akifundishwa kuchambua maharage hapewi kitabu cha kanuni. Anakaa karibu na mama yake, anachambua, akikosea anaambiwa, "Hilo bovu, toa," na baada ya madebe kadhaa mkono wake unajua wenyewe. Vivyo hivyo kompyuta hupewa maelfu ya usiku ambao wataalamu walikwisha kuusoma. Inakisia hatua ya kila kipande, inalinganisha na jibu la mtaalamu, inajirekebisha, na kurudia mara nyingi sana.

Mwaka 2021 watafiti Raphael Vallat na Matthew Walker wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa bure programu ya namna hiyo, iliyofunzwa na kujaribiwa kwa zaidi ya saa 30,000 za usingizi uliopimwa. Mwaka huohuo watafiti wa Copenhagen, Denmark, walitangaza nyingine iliyotumia vipimo vya watu 15,660. Programu za aina hii husoma usiku mzima kwa muda mfupi sana, na usomaji wake hukaribiana na wa wataalamu.

Lakini hata wataalamu hawakubaliani katika yote. Mwaka 2013 ilitolewa taarifa ya wasomaji zaidi ya 2,500 waliopewa vipande vilevile 1,800. Kwa wastani walikubaliana katika vipande 83 kwa kila 100. Kwa usingizi wa kuanzia walikubaliana katika vipande 63 tu kwa 100. Kwa hiyo tukiambiwa kompyuta inasoma kama binadamu, tukumbuke kwamba na binadamu hukosea, na mwanafunzi hurithi makosa ya mwalimu wake.

KWA NINI TUHANGAIKE NA HATUA?

Msomaji anaweza kuuliza: mtu akikatika pumzi usingizini, si inatosha kuhesabu mara ngapi? Hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini hutokea koo linapolegea na kuziba njia ya hewa. Pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, huhesabiwa mara moja. Oksijeni ikishuka, ubongo humzindua mtu kidogo ili apumue, naye asubuhi hakumbuki lolote. Ukali wa ugonjwa hupimwa kwa kugawanya idadi ya matukio hayo, pamoja na yale ya pumzi kupungua sana, kwa saa ambazo mgonjwa amelala kweli. Kuanzia mara 5 hadi chini ya 15 kwa saa ni ugonjwa mwepesi. Kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni wa kati. 30 na kuendelea ni mkali.

Tufanye hesabu. Mtu yuko kitandani saa nane, na pumzi imekatika mara 100. Chombo kisichojua tofauti ya kulala na kujilaza kimya kitagawanya 100 kwa 8 na kupata 12.5, yaani ugonjwa mwepesi. Lakini mtu huyo alilala saa tano tu. Saa tatu alikuwa macho akigeuka huku na huku. Gawanya 100 kwa 5 upate 20: ugonjwa wa kati. Mgonjwa ni yuleyule, usiku ni uleule, ila tiba aliyostahili imebadilika kwa sababu ya kusoma vibaya hatua za usingizi.

Zaidi ya hayo, wakati wa usingizi wa ndoto misuli imelegea, kwa hiyo kwa wagonjwa wengi koo huziba zaidi katika hatua hiyo. Aliyepimwa usiku ambao hakufikia usingizi wa ndoto anaweza kuonekana nafuu kuliko alivyo.

NA SAA YA MKONONI JE?

Saa ya mkononi haigusi ubongo. Haina waya kichwani, kando ya macho wala kidevuni. Yenyewe huhisi mkono unavyotikisika, na kwa taa ndogo iliyo chini yake hupima mapigo ya damu. Kutokana na hayo mawili hukisia hatua za usingizi. Si uongo, ila ni makisio. Ni kama kusimama nje ya nyumba na kukisia chakula kinachopikwa kwa kutazama moshi.

Kosa lake kubwa linajulikana: aghalabu humhesabu mtu aliyejilaza kimya kuwa amelala. Ni hodari kutambua usingizi, lakini dhaifu kutambua kuwa macho. Mwaka 2024 idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba iliruhusu baadhi ya saa zitoe tahadhari kwa mtu mwenye dalili za kukatika pumzi. Hilo ni jambo jema. Lakini saa ikitoa tahadhari, nenda hospitali. Isipotoa, usiseme umepona. Kimya cha saa si cheti cha uzima.

Upande mwingine kuna wanaoumizwa na saa hizi kwa hofu. Mtu ameamka mzima na mwenye nguvu, saa inamwambia usingizi mzito ulikuwa haba, basi siku nzima ana wasiwasi, na usiku unaofuata halali kweli. Ukiamka umeburudika na mchana husinzii, usihangaishwe na namba.

MAHALI AMBAPO KOMPYUTA NZURI HUTATIZWA

Hata programu bora hujua vizuri yale iliyofundishwa. Ikifunzwa kwa usingizi wa watu wazima, itatatizwa na mtoto mchanga, ambaye karibu nusu ya usingizi wake ni ule wa macho kuchezacheza, na ambaye huanza nao mara tu anapolala.

Mfano mwingine ni wa kwetu Afrika: ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o. Wengi hudhani mgonjwa wa malale analala kupita kiasi. Mfaransa Alain Buguet na wenzake waliwapima wagonjwa wa Ivory Coast na Kongo kwa nyaya usiku na mchana. Waligundua kwamba jumla ya saa za kulala haiongezeki sana. Kilichovurugika ni ratiba. Usingizi hutawanyika mchana na usiku, na mara nyingi mgonjwa huingia moja kwa moja katika usingizi wa ndoto, bila kupita kwanza zile hatua nyingine. Kompyuta iliyozoea kuona ndoto zikija baada ya zaidi ya saa moja inaweza kudhani hapo pana kosa na "kulisahihisha", kumbe ndiyo dalili yenyewe. Ndiyo maana baada ya kompyuta kusoma, daktari lazima apitie.

Pamoja na hayo nina matumaini na kazi hii. Hospitali nyingi za vijijini, yetu ikiwamo, hazina mtaalamu wa kusoma usingizi. Programu nzuri yaweza kuwafanya wachache waliopo mijini wahudumie wengi zaidi.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayelala na mgonjwa ndiye kipimo cha kwanza. Mpeleke mwenzio kwa daktari ukiona haya:

1. Anakoroma kwa nguvu karibu kila usiku, na pumzi inakatika kisha anashtuka.
2. Anaamka na maumivu ya kichwa, au amechoka kana kwamba hakulala.
3. Anasinzia mchana akila, akisali au akiendesha chombo.
4. Ana shinikizo la damu lisilotulia ingawa anatumia dawa vizuri.
5. Mtoto anakoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anahangaika, au darasani hatulii. Huenda ni mafindofindo makubwa, nayo yanatibika.

Kabla ya kwenda, rekodi sauti ya kukoroma kwa simu kwa dakika chache na uandike ulichoona kwa siku saba: muda wa kulala, muda wa kuamka, na kama pumzi ilikatika. Daktari atafaidika na karatasi hiyo kuliko namba za saa. Akiona haja ataandika barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa yenye kipimo.

Wakati mkisubiri, mgonjwa alale ubavu, si chali. Aache pombe, hasa ya jioni, maana huzidi kulegeza koo. Apunguze uzito kama umezidi. Asinunue dawa za usingizi dukani bila daktari, kwani baadhi yake huongeza hatari. Na lililo kuu: anayesinzia mchana asishike usukani.

Tiba ipo. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na wenzake walitangaza njia ya kumpulizia mgonjwa hewa puani usiku kwa mashine ndogo, ili koo lisizibe. Njia hiyo inatumika hadi leo na imeokoa wengi.

JIBU LANGU KWA YULE MAMA

Nilimwambia: amini masikio yako. Saa ya baba haisemi uongo kwa makusudi, ila imeulizwa swali lisilo saizi yake. Kompyuta iliyofundishwa vizuri na kupewa mawimbi ya ubongo ni msaidizi mwema wa daktari. Ile ya mkononi ni ya kutukumbusha tulale mapema, basi.

Baba alikataa mara ya kwanza, akasema kukoroma ni ishara ya mwanamume aliyefanya kazi. Safari ya pili alikuja na mkewe, na katika simu mlikuwa na rekodi. Aliisikiliza mpaka pale palipo kimya. Naye alianza kuhesabu. Alipofika kumi na nane alinitazama, akaomba barua ya rufaa. Matokeo yake ni siri yake na daktari wake. Kwa ruhusa yao naweza kusema tu kwamba kwa sasa yuko kwenye matibabu, na lori la usiku analiendesha mwenzake.

Bwana wetu mwenyewe alilala katika mashua akiwa amechoka. Usingizi ni zawadi, na kumlinda mwenzio alipolala ni sehemu ya ahadi ya ndoa. Usiku wa leo, kabla hujalala, sikiliza kidogo pumzi za walio nyumbani mwako.